Honda ya Herieli

"Hukununua pikipiki, Herieli. Umenunua kesi."

Paskalina alisema hivyo bila kumtazama mumewe. Tulikuwa juu ya lori kutoka Singe, na Honda yenyewe, nyekundu, ya mashindano, ya zamani, ililazwa katikati yetu chini ya magunia matupu. Mimi nilikuwa naenda kupanga foleni ya sabuni, lakini masikio sikuyaacha nyumbani.

"Babati nzima hakuna inayoimba kama hii," Herieli alisema.

"Itaimba mahakamani. Risiti iko wapi?"

"Aliyeniuzia aliivusha kutoka Kenya. Risiti angeitoa wapi?"

Msako wa wahujumu uchumi na mali zao za magendo ulikuwa umetufikia, na utingo alishasema askari wako mbele, Bagara, wanapekua kila gari. Herieli alilipapasa tangi juu ya gunia, kama anayemtuliza ng'ombe.

"Nimeitamani tangu shuleni, Mama Valeria."

"Na mimi nilitamani mume mwenye akili. Wewe endelea kuitamani, watoto nitawaambia baba yao yuko gerezani."

Mbele yetu, uani kwa Walutheri, watu walikuwa wanashusha maboga na kuku wa sadaka ya mavuno. Herieli aliwatazama kwa muda.

"Sadaka hawaiulizi risiti," alisema, akagonga bodi.

Lori likasimama. Tulisaidiana kuishusha, naye akaisukuma mwenyewe mpaka kwenye maboga. Mzee wa kanisa akaja kumshukuru kwa mkono. Herieli akampa wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado umeshika usukani.