Mwalimu Vioo Anashuka Garini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kukaa kiti cha abiria na kufundisha watu kuendesha, Mwalimu Vioo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Hakuna mkufunzi aliyedumu kumzidi katika chuo chetu cha udereva. Jina la Vioo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hilo ndilo neno lake kabla ya kuondoa gari, kabla ya kuhama upande, kabla ya kufunga breki na, kwa ushahidi wa mkewe, hata usingizini.

Alitujia akitokea kwenye lori la kusambaza magodoro. Wakati huo chuo kilikuwa na gari moja, na mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Leo tuna magari manne, tena tuna uwanja wa mazoezi wenye mlima wa kujengwa. Mlima huo ni yeye aliyeudai kwenye kila kikao mpaka wakubwa wakachoka kumsikia.

Kwake kila mwanafunzi ni "mwanangu", hata yule babu mstaafu wa benki aliyemzidi umri. Somo lake la kwanza halina safari. Mwanafunzi anavua viatu, anakanyaga klachi, anaiachia polepole mpaka unyayo usikie gari linavyoomba kuondoka. Wapo waliolalamika kwamba wamelipia kuendesha, si kukandwa nyayo. Mwalimu husubiri wamalize, kisha husema, "Haya mwanangu, klachi bado ipo."

Watu wa haraka aliwapenda, lakini hakuwaonea haya. Muuza simu mmoja aliona yuko tayari kwa mtihani kwa kuwa kona anazikata vizuri na kuegesha anaegesha. Mwalimu akamuuliza ni nani aliyepita nyuma ya gari walipokuwa wakirudi kinyumenyume. Hakujua. Alikuwa mama na mtoto wake mkononi. Muuza simu akaendelea kuja wiki nyingine mbili, na siku hizi anageuza shingo hata akitoka dukani kwa miguu.

Lakini huwezi kumuaga mzee huyu bila kumtaja mwanafunzi wake mmoja, mkunga.

Zahanati ya mkunga ilipewa gari la kubebea wajawazito, ila dereva hakuna. Mkuu wake alimwambia wazi: akipata leseni kabla ya mwezi kuisha, gari linabaki, asipopata, linapelekwa kituo kingine. Uwanjani kwetu mkunga aliupanda mlima bila taabu. Kwenye mtihani, aliposimamishwa katikati ya mlima na kuambiwa aondoke, gari likarudi nyuma. Akarudia mtihani, likarudi nyuma tena. Alikaa pale mapokezi akafuta macho kwa kiganja. "Nazalisha watu usiku kucha mkono hautetemeki," alisema, "leo kilima ndicho kinanitoa jasho?"

Sote tulisema anamwogopa mtahini. Mwalimu Vioo hakukubali. Alimpandisha mlima tena, na safari hii hakumtazama mkunga, alitazama mguu wake mwenyewe. Magari ya mafunzo yana breki ya pili upande wa mkufunzi. Kwa mazoea ya miaka, mguu wa Mwalimu ulikuwa ukiigusa kidogo kila gari lilipotaka kurudi, mwenyewe hana habari. Mkunga hakuwahi kuupanda mlima ule peke yake. Kila mara walipanda wawili.

Angeweza kunyamaza. Alimwambia palepale, "Mwanangu, hukufeli wewe, umefeli mguu wangu." Kisha akaja chumba cha wakufunzi, tukiwa kwenye chai, akarudia mbele yetu sote. Mchana ule kila mkufunzi alitazama mguu wake, na wengi wetu hatukupenda tulichokiona.

Kuanzia hapo, wakiwa uwanjani, alikaa kitini amekunja miguu kama mtu aliyekaa mkekani, ili mkunga aone kwamba hakuna wa kumsaidia. Nyuma tulipanga matairi mabovu. Mkunga alipiga kelele, "Mwalimu, tutakufa!" Naye akajibu, "Basi vuta breki ya mkono, tufe kesho." Gari lilizimika, likarudi, likagonga matairi, likazimika tena. Mkunga alinuna, akacheka, akavua viatu. Polepole unyayo wake ukajifunza kulishika gari bila mguu wa mtu mwingine.

Mwezi ukiwa ukingoni, akaenda mtihani tena. Gari lilitulia katikati ya mlima, likaondoka kama lilivyoagizwa. Alirudi chuoni ndani ya gari la zahanati, honi kuanzia getini, na Mwalimu akamgombeza kwa kupiga honi pasipo sababu, huku yeye mwenyewe hawezi kufunga mdomo kwa tabasamu.

Tangu siku ile, hapa kwetu hakuna mwanafunzi anayepelekwa mtihani kabla ya kuendesha na mkufunzi aliyekunja miguu. Mkuu wa chuo ameshasema utaratibu huo hauondoki na Mwalimu. Wanafunzi wataulalamikia, na sisi tutasubiri wamalize.

Njia ya zahanati ina mlima mkali kuliko wa uwanjani kwetu. Mfanyakazi mmoja wa chuo hiki aliupanda alfajiri moja, akiwa na uchungu wa kujifungua, mkunga akiwa kwenye usukani. Mbele yao lori liliziba njia, ikabidi wasimame katikati ya mlima. Lori lilipopisha, gari liliondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Mtoto ana miezi minne sasa, mzima wa afya, na ndiye aliyechelewesha maandishi haya.

Asante, Mwalimu, kwa mguu uliokubali kutulia. Tunakuombea afya, barabara nyepesi, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na mtu yeyote.