Kishale Kilichotembea Peke Yake

Benchi la Yasini muuza kahawa lipo mtaa wa Mabawa, Tanga, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea, na wanaolikalia baada ya alasiri ni walewale. Yupo Injinia, fundi wa feni asiyewahi kukiri kushindwa. Yupo Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama akastaafu na maneno ya mahakimu. Na yupo Ustadh Mudathir, msuluhishi wa ndoa pale msikitini, ambaye mtaa unamwita Sanduku, kwani yale wanawake wanayomweleza huingia kwake yasitoke. Miaka mitatu sasa anayaandika kwenye laptopu nyumbani. Leo kahawa yake imepoa hajaigusa.

— Hebu rudia, Sanduku, Injinia akasema. Kishale cha kompyuta kilitembea chenyewe?

— Chenyewe! Mkono wangu uko gotini, nacho kinafungua mafaili. La huyu, la yule. La Mastura pia.

— Joto hilo. Feni ya ndani ikichoka, kompyuta huweweseka.

— Kuweweseka gani kunakochagua faili? Hakimu akadakia. Kuna watu kule mpakani Horohoro wana mtambo. Laptopu ikivuka mpaka tu, wamekwishaipachika masikio.

— Yangu nimeinunua hapahapa Tanga, Sanduku akasema.

— Ilivuka ikiwa ndani ya boksi. Wewe ulikuwepo?

— Hakimu, simu yenyewe unawashiwa na mjukuu! Injinia akaingilia.

— Na wewe, Injinia, feni ya msikiti uliyoitengeneza inapuliza dari, sisi tunaloa jasho!

Wakacheka. Sanduku hakucheka.

— Sikilizeni, Hakimu akashusha sauti. Ule mnara wa simu umesimikwa juu ya makaburi. Walio chini wamechukia. Sasa wanapanda na mawimbi kuja kusoma mambo yetu.

— Hapo umenena! Injinia akapiga paja. Jini wa mtandao!

Sanduku aliinamisha uso. Jana asubuhi mtu alimpigia simu. Alitoa salamu kamili, akawarehemu wazazi wake, akamwita shehe mara nne. Akasema kompyuta ina virusi, naye ataisafisha. Ustadh aliona haya kumkatiza mtu mwenye adabu kiasi kile, na lile neno shehe, Mungu amsamehe, lilimnogea. Akamsomea namba zilizotokea kiooni, polepole, kama anayemfundisha mtoto alifu na bee. Ndipo kishale kilipoanza kutembea; alipokuja kuchomoa waya wa intaneti, mafaili yalikuwa yamekwisha kwenda. Hayo benchini hakuyasema.

Mara akatokea Mastura, ushungi kauvuta hadi mashavuni.

— Shikamoo, Ustadh.

— Marahaba, mwanangu.

— Mume wangu katumiwa ujumbe na mtu asiyemjua. Ni yale niliyokueleza wewe, neno kwa neno. Kayatoa wapi?

— Jini, dada! Injinia akawahi. Tulikuwa tunamzungumza sasa hivi!

Ustadh akaliona lile jini limemkalia tayari, kisingizio chepesi kisicho na wa kukihoji. Astaghfirullah.

— Si jini, akasema. Ni mimi. Mtu alinisifu kwenye simu, nami nikamfungulia. Hata namba ya mumeo niliiandika kwa mkono wangu juu ya maneno yako. Nisamehe, mwanangu.

Mastura hakulia. Aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja.

— Nimekusamehe, Ustadh. Sasa leo nikalale wapi?

Hakimu akakohoa. Injinia akainama kutafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni. Yasini akainua dele la kahawa awamiminie, likatoa machicha matupu.