Chombo Kilichodandia Sayari

Mwaka 1979, treni ilipotoka Soga, Salehe, muuza mkaa wa Kisarawe, alikuwa amebanwa magoti na sanduku la bati la Mzee Isihaka. Mzee alikuwa anakwenda Pugu kumwachisha binti yake shule, na sanduku hilo lilikuwa la kurudishia vitu vyake. “Ameniandikia kwamba chombo cha angani kimepita karibu na Mshtarii, ile sayari kubwa, kikaongeza mwendo bila mafuta,” alimwambia Honorata, mwalimu kijana aliyeketi ubavuni kwake. “Sisomeshi mtoto uongo.”

“Mzee wangu, wauza mkaa wakipanda mlima na baiskeli hufanyaje?”

“Hudandia lori.”

Salehe akatazama dirishani. Goti lake lilikuwa na kovu la kazi hiyo.

Honorata akaendelea, “Sayari nayo iko mbioni. Hukivuta chombo, ikakibeba kidogo, kisha kikachomoka na mwendo mpya.”

“Kinashika wapi?”

“Hakishiki. Huvutwa, kama nazi inavyovutwa chini.”

“Na lori halipungukiwi mwendo?”

“Hupungukiwa, ila kidogo mno, dereva hahisi.”

Treni ikasimama Pugu. Mzee akashuka, akiburuta sanduku. Honorata, mwenye tiketi ya Dar es Salaam, akashika mshikio wa pili, akashuka naye waende shuleni pamoja.