Batula wa Kamba na Jirani Yake wa Maziwa

“Naayaa, wewe mwanamke, Batula! Maji ya wadudu yako inaingia kwa maziwa yangu!”

“Maji inafuata mteremko, Khadro. Mimi si serikali nihamishe ardhi.”

“Basi hamisha kasha!”

“Hamisha wewe ndoo zako. Ngamia wenyewe hawajalalamika.”

“Ngamia wangu ana miguu nne, abaayo, dada yangu, kila mtu anaona. Hiyo yako ina miguu ngapi? Hebu tuhesabu mbele ya watu!”

“Nunua kwanza, ndiyo uhesabu.”

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio, na mwenye birika amimine chai. Ugomvi huo ulikuwa wa kila Alhamisi. Mahali ni Bula Iftin, mjini Garissa. Mwaka ni 1995. Mtu aliyetoka nyumbani kununua nyanya alizisahau nyanya, akasimama hapo mpaka adhuhuri.

Leo tunamkumbuka mmoja wa wanawake hao wawili. Tunamkumbuka Batula Adow, ambaye mji mzima ulimwita Batula wa kamba. Kamba hao si wa kufungia mbuzi, ni wale wa baharini, wa masharubu marefu. Batula aliwauza hapa Garissa, katikati ya watu wa ngamia. Wiki iliyopita alitutoka.

Waliompenda ni wengi, na wote walitwambia maneno yale yale: mwema, mcheshi, mkarimu. Kwa hiyo tulikwenda kwa aliyemwonea wivu. Huyo alimtazama kwa miaka mitatu bila kupepesa macho, kwa hiyo anajua mambo. Tulikwenda kwa Khadro Sugow, muuza maziwa ya ngamia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Khadro alitupokea mlangoni. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: “Na mimi nikifa, mtanitangaza dakika ngapi?”

Wasikilizaji wapendwa, twende polepole.

Batula alikuwa mjane. Marehemu mumewe aliendesha lori la Garsen na Malindi, na kupitia kwake Batula aliwajua wavuvi wa Kipini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Mume alipofariki, Batula hakuwa na mifugo. Alikuwa na binti mmoja, Ruweyda, na jina la mvuvi mmoja wa Kipini. Akaanza na uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa juani, akiwauzia walimu na polisi waliotoka pwani. Watu wa hapa walicheka. Walimwita muuza panzi wa maji. Batula alicheka nao, akaendelea kupima.

Halafu wakaja wafanyakazi wa misaada. Walipita Garissa wakienda kambi za Dadaab, na walilala katika nyumba ya wageni ya Mzee Yakub, karibu na daraja. Wageni hao waliuliza kama kuna kamba wabichi. Mzee Yakub akamuuliza Batula. Batula akajibu, “Kesho kutwa,” kabla hajajua atawatoa wapi.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana oda ya Alhamisi. Kila Alhamisi, kasha moja la kamba wabichi kwa Mzee Yakub. Likumbukeni jambo hilo, wasikilizaji, maana vita vyote vilikuwa juu ya kasha hilo moja. Basi la Garsen lilisafiri kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi wa njiani, na mizigo ilikuwa mingi. Nafasi ya kasha la pili haikuwapo. Mzee Yakub naye hakuhitaji la pili. Mwenye oda alikula, na asiye nayo alitazama.

Khadro alitazama.

Aliona Batula akibadilisha paa, akitoa makuti na kuweka mabati. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati yale, Khadro hakulala kwa kelele. “Mvua ilikuwa inasema jina lake,” alitwambia. Aliona Ruweyda akivaa sare mpya ya shule. Akasikia mumewe mwenyewe, Dahir, akisema wakati wa kula, “Yule mwanamke ana akili ya biashara.” Khadro alimwondolea sahani.

Usiku na mchana alikuwa na swali moja. Yeye aliuza maziwa, kitu cheupe, kitu ambacho hata mtoto mchanga anakijua. Batula aliuza mdudu. Kwa nini mabati yaende kwa mdudu?

Basi Khadro akapiga hesabu. Hesabu yenyewe aliipigia dirishani. Aliliona kasha likishuka kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Aliona kamba wakitoka. Aliona pesa ya Mzee Yakub ikiingia. Na aliona maji yakichuruzika, yale yale ya ugomvi, akadhani ni maji ya bahari yaliyokuja na mzigo.

Alichokiona kilikuwa nusu ya biashara, wasikilizaji wapendwa. Nusu nyingine ilibaki njiani.

Kule Kipini kamba ni rahisi. Wakishavuliwa hawangoji, na mvuvi asiye na barafu huwauza kwa bei yoyote. Ghali ni barafu. Batula aliagiza barafu Malindi, ikaja imefunikwa kwa unga wa mbao na magunia. Basi likifika Hola, iliongezwa nyingine kutoka kwa mwenye friji ya soda. Yale maji ya ugomvi yalikuwa ni pesa ya Batula ikiyeyuka. Tena Mzee Yakub alitaka kamba wasio na vichwa, na kamba akikatwa kichwa, uzito wake mwingi umekwenda. Batula hakuvitupa vichwa. Aliviuza kwa polisi wa pwani wavipikie mchuzi, na pesa ya vichwa ndiyo iliyolipa barafu. Mwili ulilipa nauli, wapakizi na mvuvi. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na kidogo hicho kilinunua bati moja moja.

Khadro hakuyajua hayo. Aliyajua mabati tu.

Akatuma neno kwa kaka zake wanaochunga upande wa Kutulo. Alikuwa na ngamia jike huko, ameachiwa na baba yake. Akasema auzwe. Kaka zake walidhani amerogwa, wakauliza mara mbili. Akasema auzwe. Ngamia akauzwa Elwak, na pesa zikaja kwa lori.

Kwa pesa hizo Khadro alifanya mambo mawili. Kwanza, alimnunulia yule mvuvi wa Kipini wavu mpya. Huko pwani desturi iko wazi: aliyekununulia wavu ndiye unayemuuzia. Pili, alikwenda kwa Mzee Yakub akataja bei ya chini kuliko ya Batula.

Mzee Yakub alikuna ndevu. “Una hakika, mama? Bei hii ni ya chini sana.”

“Mimi silipii nauli ya maji ya bahari,” Khadro akamjibu.

Oda ikawa yake.

Jioni hiyo Batula alikuja kwenye ukuta. Hakupiga kelele. Aliuliza, “Khadro, ni kweli?”

“Soko si la baba yako,” Khadro akasema.

“Kweli si la baba yangu. Lakini lilikuwa la Ruweyda.”

Khadro alitwambia alitamani Batula amtukane. Batula aliingia ndani, akafunga mlango.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ni kosa ambalo mtu wa maziwa pekee angelifanya. Khadro alilelewa na kibuyu. Maziwa ya ngamia hutoka porini kwenye jua kali, yanafika mjini salama, na hayajaona barafu. Siri ni moshi. Kibuyu hufukizwa kwa kijinga cha moto mpaka ndani kunukie, kisha hufunikwa gunia bichi. Khadro akasema moyoni: nyanya yangu alivusha maziwa jangwani, mimi nishindwe na mdudu? Akachagua mitungi yake mizuri, akaifukiza kwa mkono wake, akaituma Kipini na magunia. Barafu hakununua hata kipande.

Alhamisi ile basi lilichelewa. Polisi wa msafara hawakutokea mapema, abiria wakakaa Garsen juani mpaka jua likasogea. Basi lilipovuka daraja la Tana, polisi wa kizuizi cha barabarani walilinusa kabla hawajaliona. Abiria walishuka wameziba pua kwa shuka. Mwanamke mmoja alimwomba dereva msamaha akidhani ni mtoto wake.

Khadro alifungua mtungi. Hata hapo hakukata tamaa. Maziwa yakilala si yanakuwa ya mgando? Na mgando si una wateja wake, na bei yake? Akaufunga tena mtungi. Akauacha hadi kesho.

Kesho yake, wasikilizaji wapendwa, paka wa Bula Iftin walihama.

Mzee Yakub aliukataa mzigo, akaufunga mlango wa jiko. Mji ulicheka wiki nzima. Khadro alikaa nyuma ya ndoo zake za maziwa bila wateja, kwa sababu harufu ilikuwa imeshika kuta. Ngamia amekwenda. Oda inakwenda. Aliisubiri sauti ya Batula ikicheka upande wa pili wa ukuta. Haikuja. Hilo nalo lilimuuma: hata kucheka Batula alimnyima.

Lakini Batula naye alikuwa amekwama. Mzee Yakub alimtaka arudi, na barafu alijua kuipata. Kamba ndio hakuwa nao, kwa sababu wavu wa Kipini ulikuwa wa Khadro. Mmoja alikuwa na wavu, mwingine ujuzi, na kati yao ukuta wa matope.

Walianza kuzungumza kupitia kwa Ruweyda, ilhali wamekaa hatua chache tu.

“Ruweyda, mwambie mama yako wavu wangu haujaoza.”

“Ruweyda, mwambie yeye, kilichooza tunakijua.”

“Ruweyda, mwambie mama yako ana ulimi mrefu.”

“Ambianeni wenyewe,” Ruweyda akasema. “Mimi nina mtihani.”

Batula akacheka kwanza. Khadro akajizuia, akashindwa. Wakaenda pamoja kwa Mzee Yakub, na mbele yake wakakubaliana kwa mdomo: wavu wa Khadro, barafu ya Batula, faida nusu kwa nusu.

Je, wivu uliisha? Wapi! Khadro aliuliza kila Alhamisi kwa nini nusu ya Batula inaonekana kubwa. Batula alimjibu, “Badilisha macho, au badilisha nusu.” Walibadilishana, na wiki iliyofuata Khadro akauliza tena. Ruweyda anakumbuka vizuri. “Mama alisema Khadro ndiye askari wake wa bure,” alitwambia. “Hakuna aliyeweza kumwibia, maana Khadro alikuwa anaangalia.”

Zilipokuja zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa 1997, barabara ilikatika. Miezi ikapita bila basi, bila barafu, bila kamba. Khadro alimpelekea Batula maziwa kila asubuhi, na kila asubuhi aliutangazia mtaa kwamba amempelekea. Batula alipopata homa, maziwa yaliendelea. Matangazo yakakoma. Hapo ndipo mtaa ulipojua kwamba ugonjwa ni mkubwa.

Batula Adow, Batula wa kamba, alifariki Jumapili. Alizikwa siku ile ile.

Kwa binti yake Ruweyda, kwa kaka yake Hamze aliyefika kutoka Elwak Jumamosi usiku, na kwa majirani wote wa Bula Iftin, kipindi hiki kinatoa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe kaburi pana. Nanyi mnaotusikiliza, kila mmoja ana mtu ambaye humchungulia juu ya ukuta. Kabla ya kulala leo, mfikirieni mtu huyo, mjiulize mnachoona ni nusu gani ya maisha yake.

Tumalizie kwa tuliyoyaona wenyewe kwenye msiba.

Makaburini, kama ilivyo desturi yetu, Hamze alisimama akatangaza: yeyote anayemdai marehemu, au mwenye mali yake mikononi mwa marehemu, ajitokeze. Habari ikawafikia wanawake nyumbani. Khadro aliisikia, hakujitokeza. Wavu ulikuwa wake, nusu ya oda ilikuwa yake, na barabara ilikuwa imefunguliwa. Basi la kwanza lilikuwa linakuja Alhamisi. Lakini angesema nini? Watu wangesema, tazameni, hata maiti anaionea wivu. Na Hamze hakumjua. Kwake yeye, Khadro alikuwa muuza maziwa wa jirani.

Jumatano jioni tulimkuta amesimama nje ya lango la Batula, buibui limejaa vumbi. Alikuwa anahesabu viatu vya waombolezaji.

“Watu wengi hivi,” alitunong'oneza. “Mimi hawatakuja nusu yake.”

Hamze alitoka, akamwona. “Mama, unatafuta nani?”

Khadro alianza kupangusa vumbi la buibui. Ruweyda akatokea nyuma ya mjomba wake, mikono ina mafuta ya wali.

“Huyu hatafuti mtu, abti,” alisema. “Huyu ni habaryar wangu.” Habaryar, wasikilizaji, ni mama mdogo, ndugu wa mama. Kisha akamgeukia Khadro. “Basi linaingia kesho, na Mzee Yakub ametuma mtu mara mbili. Mimi sijui hata barafu inawekwa juu au chini.”

“Chini, na juu, na katikati,” Khadro akasema. “Nani atakwenda kupokea?”

“Wewe na mimi. Lakini tangu Jumapili hujala hapa, na mtaa wote umekula. Vua viatu, habaryar. Ingia, wali unapoa.”