Mikono Niliyoiita ya Mlozi

Asifiwe Yesu, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikuja kulia!

Wengi mnanijua, mimi Mama Béa, muuza samaki wa chumvi hapa Likasi. Mliniona na madoa mekundu mashavuni, vidole vimevimba. Wengine mlisema najichubua. Nimewasamehe! Ilikuwa lupus, ugonjwa ambao askari wa mwili wanaupiga mwili wenyewe. Lakini sikujua. Nilijua tu kwamba mimba tatu zimetoka, ya mwisho ikiwa na miezi sita.

Ndugu zangu, nilitafuta wa kulaumu, nikampata wifi yangu Charlotte, dada wa mume wangu, muuguzi kule Kamatanda. Yeye hana mtoto. Kila nikishika mimba alileta bukari, ugali wetu, na mboga. Nikasema, huyu ndiye anakula watoto wangu! Baada ya ile ya tatu nikamwaga bukari yake mlangoni, mbele ya jamaa yote, nikamwita mlozi. Akaokota sufuria yake, akaenda zake. Naona haya hata sasa.

Na bado ni yeye aliyemsukuma kaka yake anipeleke Lubumbashi kupima damu. Walipima mara mbili, miezi mitatu katikati. Daktari akasema, "Mama, hapana mulozi. Ni lupus, inagandisha damu yako, inafunga njia ya chakula ya mutoto." Akanipa vidonge, na nikishika mimba, sindano ya tumboni kila siku.

Mimba ikaja. Nani atanidunga? Mtaani kwetu hakuna mwingine mwenye kazi hiyo. Nilimtuma mume wangu kwa dada yake, mimi nikajificha chumbani kwa aibu. Asubuhi Charlotte akafika na baiskeli yake. Nikaanza kulia, yeye akafungua mfuko.

"Lala, leta tumbo. Ile maneno ya mulozi tutaongea mutoto akisha kuzaliwa."

Alikuja kila siku, mvua na vumbi. Bwana ni mwema! Mtoto alizaliwa mzima, msichana, akalia hata nikaogopa ataamsha hospitali nzima!

Asante Yesu, nimepumua! Dada zangu mnaopoteza mimba, mwaminini Mungu, na mkapime damu. Msitupe vidonge mkidhani ndiyo imani.

Yale maneno ya mlozi, mpaka leo Charlotte hajayagusa. Basi nayasema mimi, hapa, mbele yenu. Wifi yangu, nisamehe! Mwoneni kule nyuma, anamlisha mwanangu bukari.