Kaka Niliyemtoa Shimoni kwa Mashine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Niitikieni kwa nguvu, maana hapa Ibadakuli nimekuwa mtu wa benchi la nyuma, napima mahubiri kwa maswali na kutoka kabla ya sala ya mwisho. Leo nimesimama mbele. Nitasema.

Wengi mnajua kazi yangu. Nilisoma chuo kikuu Uganda, nikarudi na elimu na kiburi chake, nikaajiriwa kutunga muziki wa filamu, hizi zinazozungushwa na gari la sinema. Watu hudhani picha huja na nyimbo zake. Sivyo. Picha huja bubu. Mimi hujifungia katika chumba chenye mapazia mazito, naitazama mpaka nijue kila mtu anaweka mguu wapi. Ndipo nakaa kwenye kinanda, naita wapiga ngoma, tunaufuata ule mguu.

Nimetungia filamu za pamba, za josho la ng'ombe, za visima. Kisha ikaja habari kwamba wapiga picha wanakwenda Geita kwa wachimba dhahabu. Nikafurahi, kwa sababu kaka yangu Masanja alikuwa anachimba huko. Ndiye aliyenisomesha baba alipokufa. Ni mzaliwa wa kwanza, na mama yetu kule Songwa hana jina jingine kwa watu ila Mama Masanja. Kaka akaniletea salamu kwa mtu: "Mwambie mdogo wangu nimepigwa picha. Aniwekee ngoma ya maana, watu wasinione natembea kama korongo!"

Ndugu zangu, filamu ilikuwa bado njiani shimo lilipoporomoka. Wenzake walichimba kumtafuta, na kila walipochimba udongo ukazidi kushuka. Mwisho wakaweka matawi ya miiba juu ya shimo, wakahamia mahali pengine. Mwili wa Masanja haukupatikana.

Kwetu msiba huisha kwa kunyoa nywele. Mama alikataa wembe. Akawaambia shangazi zangu, "Ninyolewe kwa kaburi lipi?" Nywele zake zikaota, zikajaa mvi na vumbi, na watu wakaendelea kumsalimu, "Mwangaluka, Mama Masanja." Kila salamu ilikuwa kisu.

Na mimi? Mimi sikulia. Nilikwenda kwa mchungaji nikiwa na maswali. Mungu aliyeizuia bahari alishindwa kuuzuia mchanga? Akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwuliza kama angeyaita hivyo iwapo aliyefukiwa angekuwa mwanawe. Macho yakamlowa mzee yule, nami nikaondoka kama mtu aliyeshinda mjadala.

Ndipo filamu ikafika.

Masanja alikuwa ndani yake, mzima! Anasimama karibu, anacheka, anajipangusa mikono kwenye kaptula. Kisha anageuka, anatupa mgongo, anatembea hadi kwenye shimo, anashika ngazi, anashuka. Mabega yanazama, kofia inazama, inabaki ngazi tupu inayotikisika. Hapo ndipo nilipotakiwa kuweka ngoma ya shangwe, watu waone uchimbaji ni kazi njema.

Sikuweza. Lakini mashine yetu inaweza kuurudisha utepe wa filamu nyuma. Nikaugeuza. Ngazi ikatikisika, kofia ikatokeza, mabega yakatokeza, na kaka yangu akatoka shimoni! Akaja kinyumenyume mpaka karibu, akageuka, akacheka. Nikaisimamisha papo hapo.

Ndugu zangu, hicho kilikuwa kifungo changu. Kuna waliofungwa na pombe. Mimi nilifungwa na kitasa kidogo cha mashine. Kila siku nilikaa gizani namtoa Masanja shimoni. Niliacha kula, na kinanda kikajaa vumbi. Juma, mwendesha mashine, mtu wa Tabora mwenye mizaha, alijaribu kunichekesha: "Bwana Msomi, hata ng'ombe hatolewi zizini kwa mkia namna hiyo." Sikucheka. Siku nyingine akasema taratibu, "Utepe unachanika, bwana. Na wewe pia." Nikamfukuza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba utepe ukikatika, na mimi sitakuwa na sababu ya kuamka.

Juma ndiye aliyepanda lori kwenda Songwa kumleta mama. Mama akaingia chumbani na nywele zake zile.

"Luhende, ng'wanone, mwanangu, nasikia unaye ndugu yako humu. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alipomwona anacheka, alinyoosha mkono kama anayempangusa uso. Alipozama, akaguna kama aliyechomwa. Nikasema haraka, "Usilie, mayu, namrudisha!" Nikageuza kitasa. Kaka akapanda, akaanza kutujia.

Nilingoja mama afurahi. Akatazama, kisha akasema, "Mbona anakuja kisogo mbele?"

"Ndivyo mashine inavyomrudisha, mayu."

"Basi huyu si yule ninayemngoja. Masanja hajapata kuja kwangu akinipa mgongo. Siku Bwana atakapomwita atoke mle, atakuja uso mbele, ananitazama. Mwache ashuke, Luhende. Unamchosha mwenzio."

Mkono wangu ulikataa. Akaushika kwa mkono wake, tukaugeuza utepe pamoja. Masanja akacheka, akageuka, akaenda. Mama akaanza kumwimbia kilio cha kwetu kwa sauti ya chini, na mguu wa kaka ukaangukia ndani ya sauti ile, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ngazi. Nikajikuta napiga meza kama ngoma. Kofia ilipozama nililia, ndugu zangu! Nililia kama mtoto, na Juma mlangoni analia.

"Sasa nimemzika," mama akasema. Kesho yake akanyolewa.

Filamu ile nimeimaliza. Penye ngazi sikuweka ngoma, nimeacha kimya. Ilipoonyeshwa Mwadui, uwanja mzima ulinyamaza pale.

Msidhani maswali yangu yameisha. Lile la mchanga bado ninalo, na nitalipeleka kwa Mungu mwenyewe. Lakini nilikuwa na ufufuo wa mashine, niliushika kwa mkono wangu, nao ulikuwa unaniua. Nimeamua kungoja ule mwingine pamoja na mama yangu.

Namshukuru Mungu aliyeufungua mkono wangu. Na wewe ndugu yangu uliyekaa benchi la nyuma, unayemvuta mtu wako kutoka ardhini kila siku, mwachilie kwa Bwana. Njoo ukae nasi, tungoje. Watakuja uso mbele.