Dkt. Jebet Muturi na Moshi wa Vibuyu vya Mama

Dkt. Jebet Muturi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Olenguruone, kitinda mimba wa marehemu Mzee Bethwel na Mama Linah Chepkemoi. Alianza masomo hapo hapo nyumbani. Akiwa darasa la sita alivunja kipimajoto cha pekee cha shule akimpima ndama homa. Alichapwa, na kesho yake akauliza kingine kitanunuliwa lini. Alihitimu udaktari wa mifugo mwaka 2011.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Mwalimu Muturi wa Milimani, Nakuru. Walijaliwa Wangare na Kihara.

Kazi yake wengi hapa waliisikia kwa masikio ya shaka. Lelmet, ng'ombe wa baba, ndiye pekee aliyepona ndigana, homa ya kupe iliyomaliza zizi letu. Kabla Lelmet hajafa kwa uzee, Jebet alikata kipande cha ngozi ya sikio lake, akagandisha seli zake katika vichupa vinne. Alitaka kumzalisha upya: seli itiwe ndani ya yai la ng'ombe mwingine, kiinitete kilelewe siku saba kwenye kabati la joto, kisha kipandikizwe kwa mtamba.

Viinitete vilikufa siku ya nne. Alibadilisha maji ya kulelea, akapunguza oksijeni, bado vikafa. Vichupa vitatu vikaisha. Dada yetu alikonda, akawa mkali hata kwa salamu.

Ni daftari lake lililomuumbua. Vilivyoanzishwa Jumatatu vilikufa vyote. Vya Alhamisi vilisogea siku moja mbili zaidi. Na kila Jumapili alikuwa hapa, akimsaidia mama kutia vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, moshi wa mti wa senetwet, kisha Jumatatu anaingia maabara na sweta ile ile. Muuaji alikuwa yeye.

Akaacha kukaribia jiko la mama, na kibuyu hakugusa.

"Jebet, siku hizi nyumba yangu inanuka?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Ni wale wadogo kule lab. Moshi unawamaliza."

Mama hakuamini. Aliumia, na mwaka mzima hakumwekea mursik.

Februari 2025 Jebet aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Kilibaki kichupa kimoja, ambacho hakuwa amethubutu kukifungua, na yeye mwenyewe hakuwa na muda. Hapo mama alizima jiko la vibuyu, akaoga, akavaa nguo mpya kutoka dukani, akaenda Nakuru kumuuguza. Kichupa kilifunguliwa Jumatatu, tarehe 31 Machi. Siku ya nne hakuna aliyekula nyumbani kwao. Jioni Jebet alipiga simu kutoka maabara: "Mama, wako hai." Tarehe 7 Aprili kiinitete kimoja kilipandikizwa, na mimba ikashika.

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake Linah, mumewe Muturi, watoto Wangare na Kihara, kaka yake Kipruto anayewasomea haya, na mtamba mmoja mwenye mimba ya miezi mitano. Atazaa Januari, Mungu akipenda. Tunaogopa, lakini tunangoja.

Jana mama aliwasha tena makaa ya senetwet. Kibuyu kile pale, kando ya jeneza. Ni cha Jebet.

Pumziko jema limpate dada yetu, na moshi wa nyumbani umfikie.